Alinawa Mikono kwa Theluji

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki nzima, tangu sehemu iliyopita, Setsuko Iwase amesimama mbele ya watu sitini katika ukumbi wa maktaba mjini Takaoka, kipaza sauti mkononi. Leo tumwondoe hapo.

Mzee mmoja mstaafu wa posta alikuwa amenyanyua mkono na kumwuliza swali ambalo kila mwandishi wa hadithi za mauaji huulizwa. "Mwalimu, mtu mpole kama wewe, nini hasa kinakuvuta kuandika habari za watu kuuana?"

Na kabla hajajibu, mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwulizeni habari za baba yake."

Vichwa sitini vikageuka nyuma. Kisha vikageuka mbele.

Jibu la mzee wa posta Setsuko alikuwa nalo. Alikuwa amelitoa mara mia: binadamu hupenda fumbo, na yeye ni binadamu. Wenzake nao walikuwa na majibu yao. Kwenye karamu ya mwaka ya waandishi wa upelelezi kule Tokyo, mmoja husema alikuwa mtoto mgonjwagonjwa, akasoma hadithi hizo kitandani mpaka akapona. Mwingine aliuza dawa miaka ishirini, na kila siku alikuwa akiwaza sumu asiyoweza kuitumia. Watu hucheka, pombe ya sake humiminwa, hakuna anayemchimba mwenziwe.

Lakini habari za baba yake hakuna aliyepata kuuliza. Alitumia jina la ukoo wa mama yake. Hata mchapishaji wake hakujua.

"Baba yangu yuko gerezani," alisema. "Kifungo cha maisha. Mwaka huu ni wa thelathini na moja."

Bwana Tsukuda, mkuu wa maktaba, akainuka nusu, akakaa tena.

"Kwa kosa gani?" aliuliza mzee wa posta. Sauti yake ilionyesha anajuta kuwa ndiye aliyeanza.

"Kuua. Wanasema alimwua mwajiri wake, Shigeo Hatano. Alikuwa na karakana ya kuyeyusha shaba na kusubu kengele za mahekalu, hapa hapa mjini."

"Wanasema," alirudia mwanamke wa nyuma. Alikuwa ameshasimama. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema hakuua. Wewe ni nani, dada?"

"Fumie Hatano. Huyo aliyeuawa ni baba yangu."

Akaanza kutembea kuja mbele. Watu walikunja miguu kumpisha. Bwana Tsukuda, mtu mnene mwenye pumu, alijitia katikati.

"Mama, tafadhali. Hapa kuna watu."

"Nawaona."

Akampita. Setsuko aliweka kipaza sauti mezani na kungoja kofi. Aliona afadhali lije, tena mbele za watu, liishe.

Halikuja. Fumie Hatano alisimama hatua mbili mbele yake, akainama mpaka nywele zikamfunika uso, na kwa mikono miwili akanyoosha bahasha.

"Baba yako hakumwua baba yangu," alisema akiwa ameinama vile vile. "Mama yangu alisema uongo mahakamani. Nimekuja kuomba radhi."

* * *

Waliongea ofisini kwa Bwana Tsukuda, mlango umefungwa, chai ikipoa.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Aliyeiandika ni mjane wa Hatano, mama yake Fumie, aliyefariki mwezi wa kumi na moja. Fumie aliikuta kwenye droo ya madhabahu ya nyumbani, chini ya picha ya marehemu baba yake.

Mahakamani yule mama aliapa kwamba saa kumi na moja jioni alimwona Kanji Mizoguchi, baba yake Setsuko, akitoka karakanani, chuma mkononi. Kumbe saa kumi na moja alikuwa kwa dada yake, ng'ambo ya mto. Alirudi saa kumi na mbili, akamkuta mumewe chini. Hakumwona mtu akitoka.

"Nilikuwa na hakika ni yeye," barua ilisema. "Kwa hakika niliyokuwa nayo, sikuona lazima ya kuona kwa macho."

Setsuko aliisoma mara tatu.

"Kwa nini hukunipigia simu?" aliuliza. "Kwa nini mbele ya watu?"

"Mama alisema uongo mbele ya watu."

Setsuko aliitazama barua tena.

"Vitabu vyako vyote tisa nimevisoma," Fumie aliendelea. "Nilijua wewe ni binti wa Mizoguchi. Mji huu mdogo. Nilianza kwa hasira, natafuta baba yangu umemweka wapi humo. Sikumkuta. Nilimkuta mtu mmoja, kila kitabu yeye yeye, anafungwa kwa neno la shahidi, na mwisho anatoka."

"Umeliona hilo."

"Nani asilione? Nilipomaliza kitabu cha nne nikamwambia mama, huyu mwandishi ana mtu wake ndani. Mama akaweka chini vijiti vya kulia chakula. Tangu siku hiyo hakula vizuri tena."

Setsuko alikunja barua, akaikunjua.

"Mashahidi walikuwa wawili," alisema. "Wa pili alikuwa mimi."

Alikuwa na miaka minane. Polisi walimkalisha kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, wakampa peremende, wakamwuliza siku ile baba alirudi saa ngapi. Alisema alirudi wali umeshapoa. Wakauliza, alipofika alifanya nini? Alisema hakuingia ndani. Alichutama uani, akanawa mikono kwa theluji. Akanawa sana.

Baba mtu alijitetea kwamba ni masizi ya kalibu za kengele, kwamba kila msubu hunawa kabla ya kuingia kwake. Hakimu hakujali. Katika hukumu aliandika kwamba mtoto wa miaka minane hana sababu ya kumsingizia baba yake.

"Ndiyo maana naandika," Setsuko alisema. "Hayo ya kupenda fumbo ni ya kuwaambia watu ukumbini. Kila kitabu namrudisha yule mtoto kwenye kile kiti, na safari hii anaingia mtu mwenye akili, anasema, mtoto, ngoja kwanza, kila siku baba yako huwa ananawa wapi? Mimi hakuna aliyeniuliza. Angeniuliza ningemwambia hunawa uani."

"Kwa theluji?"

"Sikumbuki. Siku nyingine zote sizikumbuki. Naikumbuka hiyo moja tu."

Fumie alimsogezea kikombe cha chai. Hakikunywewa.

Kesho yake walikwenda pamoja kwa wakili wa Kanji. Mzee huyu alikuwa ameomba kesi isikilizwe upya mara mbili, na mara mbili akafungiwa mlango. Aliisoma barua, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Miaka kumi na tisa naisukuma kesi hii," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naona ufa." Akamgeukia Fumie. "Utasimama mbele ya majaji useme haya?"

"Nitasimama. Na akitoka hana pa kwenda, nyumba yetu ni kubwa, niko peke yangu."

Wakili alikohoa, akajifanya anatafuta faili. Setsuko alitazama dirishani. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuwaza baba yake atalala wapi akitoka. Jioni hiyo aliwaza. Aliwaza godoro, mablanketi, viatu vyenye kushika barafu. Alifika hata dukani, akajaribisha kofia ya sufi kichwani mwake mwenyewe.

Aliinunua.

* * *

Siku ya nne walipanda treni kwenda mkoa wa jirani. Gereza liko nje ya mji, na mbele ya lango pana duka la tambi ambalo wateja wake ni wageni wa wafungwa na askari wa zamu. Fumie akabaki dukani. "Nenda, Mwalimu. Mimi nitangoja hata mpaka jioni."

Chumba kile kile. Kioo kile kile chenye matundu. Askari mezani, daftari limefunguliwa, kwani kila neno la mfungwa na mgeni wake huandikwa.

Kanji Mizoguchi aliletwa, akakaa. Miaka sitini na saba, kichwa kimenyolewa, vidole vimejaa sugu za sindano. Kazi yake humo ndani ni kushona viatu.

"Umekonda," alisema. Kila mara huanza hivyo.

"Baba, kuna barua."

Akamsomea yote, polepole, mdomo karibu na matundu. Kanji alisikiliza ameinamisha kichwa. Setsuko alikuwa amejitayarisha kwa machozi, ya baba au yake mwenyewe. Barua ikaisha. Hapakuwa na machozi.

"Yule binti wa Hatano ana umri gani sasa?" Kanji aliuliza.

"Arobaini na nne."

"Ana watoto?"

"Hakuolewa."

"Alikuwa akituletea chai karakanani. Trei imemzidi nguvu, lakini hataki kusaidiwa."

"Baba, umenisikia nilichosoma? Wakili anasema majaji hawawezi kuipuuza. Fumie mwenyewe atasimama upande wetu. Yuko hapo nje sasa hivi."

Kanji akanyanyua uso. "Nje wapi?"

"Duka la tambi."

Aliutazama mlango ulio nyuma ya binti yake. Halafu akasema, "Usiipeleke hiyo barua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yake alisema uongo, lakini hakukosea."

Kalamu ya askari ikasimama.

"Andika, bwana," Kanji alimwambia bila kugeuka. "Ndiyo kazi yako."

Kalamu ikaanza tena.

Setsuko alicheka, kicheko kifupi kisicho na sauti. "Umechoka, baba. Wakili aliniambia wengine huwa hivyo. Ukikaribia kutoka unaogopa kutoka."

"Nimechoka, kweli. Lakini nisikilize." Kanji aliweka mikono yote miwili juu ya ubao ulio mbele ya kioo. "Kengele ilipasuka. Unajua hiyo, ilisemwa mahakamani. Hatano alinisimamisha mbele ya makasisi walioiagiza na mbele ya vijana niliowafundisha mimi, akaniamuru niiinamie kengele niiombe radhi. Nikainama. Akaniambia nisirudi kazini. Miaka kumi na minne, Setsu. Jioni nikarudi kumwomba. Alikuwa peke yake, anamenya chungwa. Nikaongea. Nikaongea yote niliyokuwa nayo. Akaendelea kumenya. Hakuninyanyulia hata macho. Nilimpiga mara moja. Ya pili mpaka leo sijui ilitoka wapi."

"Ulikana. Mahakamani ulikana. Kila mwezi nimekuja hapa ukanitazama ukakana."

"Mahakamani nilikana kwa kuogopa kamba. Baadaye ilikuwa mama yako. Alikuja akasema wameandika ukutani kwetu, kwamba shuleni hakuna anayekaa karibu na wewe, kwamba usiku hulali. Akasema, mwambie tu mtoto hukuua, alale. Nikakwambia. Ukalala." Akajikuna ukucha mmoja kwa mwingine. "Kisha ukakua. Siku moja ukaniletea kitabu. Ukurasa wa kwanza umeandika: kwa baba, asiye na hatia. Ningesema nini? Kikaja cha pili. Vyote tisa umenitoa humu ndani. Nilikuwa navisoma nikiona haya hata kugeuza ukurasa."

"Nilidhani mimi ndiye niliyekufunga."

"Ulisema kweli tu. Nilikuona dirishani siku ile. Nilijua utasema. Nilitaka kukuita nikwambie usiogope, lakini mikono ilikuwa haijatakata."

Setsuko aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa. Hakujua alitaka kufanya nini nacho.

"Kwa nini leo?" aliuliza. "Ungeacha nife na uongo wako. Ungenyamaza, utoke, tungekaa."

"Siku zote hizo uongo wangu haukuweza kunitoa humu. Sasa umepata mlango. Na anayeushika mlango ni yule mtoto wa chai." Kanji alitikisa kichwa. "Gereza naliweza. Hilo siliwezi."

"Dakika tano," alisema askari.

Hawakuzitumia. Kanji alisimama mwenyewe kabla hajaambiwa, akainama kidogo kwa binti yake kama anavyoinamiwa mgeni, akatoka.

Getini Setsuko alitia sahihi ya kutoka. Alipaswa kuona mzigo umemtoka: mtoto wa miaka minane hakumponza mtu. Lakini alipomtafuta huyo mtoto ampe habari hiyo, hakumpata. Alimpata mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyeandika vitabu tisa, akasifiwa na magazeti kwamba hakuna mwuaji anayemponyoka, na katika vyote tisa alikuwa amemkosa.

Kofia ya sufi ilikuwa bado mkobani. Aliiacha kwenye benchi ya wageni.

* * *

Dukani Fumie alikuwa amekwisha agiza.

"Nimekuchukulia za uyoga, sikujua unakula nini. Kaa, una baridi. Enhe, amesemaje?"

Setsuko alikaa. Mvuke wa bakuli ukampanda usoni.

"Amesema asante," alijibu.

Neno lilitoka laini, bila kukwama. Katika vitabu vyake waongo hutokwa jasho, humwaga chai, hutazama pembeni. Yeye hakufanya hata kimoja.

Fumie alijifunika mdomo kwa kitambaa cha mkono cha moto kilicholetwa na mwenye duka. Mabega yake yakatikisika mara mbili tatu, yakatulia.

"Samahani, Mwalimu. Tangu mama afe nimekuwa nikijiuliza, hivi mtu unamtazamaje mtu ambaye nyumba yetu imemla miaka thelathini? Nikawa naona hata hiyo asante hataitoa. Na angekuwa na haki." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Sikukwambia, nilitaka kwanza nijue atapokeaje. Leo sirudi na wewe. Nimepanga chumba nyumba ya wageni pale nyuma ya stesheni."

"Cha nini?"

"Mkuu wa gereza amekubali. Mimi si ndugu yake, kwa hiyo ni mara moja tu. Kesho saa nne asubuhi." Aliilaza karatasi juu ya meza, muhuri mwekundu ukionekana. "Siwezi kumwomba radhi kupitia kwako. Nataka nipige magoti mbele yake, anione."

Setsuko aliutazama muhuri. Simu haiingii kwa mfungwa. Barua huchukua siku tatu, nne, kwanza isomwe. Na yeye mwenyewe zamu yake ya mwezi ilikuwa imekwisha nusu saa iliyopita.

"Usiende, dada Fumie."

Fumie hakukasirika. Aliweka vijiti juu ya ukingo wa bakuli, akajipangusa.

"Kwa nini?"

Mwenye duka alikuja akauliza kama tambi zina kasoro, mbona mgeni wa pili hajagusa. Fumie akamwashiria kwamba ni sawa. Akaondoka.

"Amekataa kuniona?" Fumie aliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Kama amekataa niambie tu, sitaumia. Ningekuwa yeye, mimi pia ningekataa. Sema amekataa, nirudi nyumbani."

Mlango huo hapo, wazi. Neno moja tu, na Fumie Hatano angepanda treni ya jioni, awahi kufika kwake, awashe ubani kwa mama yake, na aishi miaka yake iliyobaki akidhani kwamba mtu mmoja asiye na hatia hakumsamehe.

"Hakukataa," alisema Setsuko. "Hajui hata kwamba umeomba."

"Basi ni nini?"

"Kula kwanza."

"Setsuko." Ndiyo mara ya kwanza hakumwita Mwalimu.

"Kula, dada. Ukimaliza nitakwambia."

Fumie alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umeshaanza kubadilika, kama wa mtu anayesikia hatua nyumbani ambamo anajua yuko peke yake. Lakini alikuwa mwanamke mtiifu, aliyelelewa kutoacha chakula. Akachukua vijiti. Akaanza kula, polepole, bila kuondoa macho.

Na Setsuko akakaa, mikono magotini, akiutazama mchuzi ukishuka katika bakuli.